Uzi: Mafuta ya mwilini nayo ni tezi, na yanasemezana na homoni za uzazi

#1 Mtondoo_Amu

Kwenye ule uzi wa kitambi naona watu wanayazungumza mafuta kama gunia la mchele: ama umelibeba, ama umelitua. Mafuta ni tezi. Yanatoa homoni zake, yanapokea za wenzake, na yanageuza homoni moja kuwa nyengine. Wanaosemezana nayo zaidi ni ovari na korodani.

Tuanze na leptini. Iligunduliwa 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la wembamba. Seli ya mafuta ikijaa hutoa leptini nyingi, ikinyauka hutoa chache. Damu huipeleka hadi haipothalamasi, ndani ya ubongo, na huko husomwa kama hesabu ya ghala: akiba iko kiasi gani? Wengi huishia hapo wakasema leptini ni homoni ya kushiba. Ukitaka kuielewa vizuri, itazame inapopungua. Mtu akikaa na njaa siku mbili tatu, leptini huporomoka kwa kasi kuliko mafuta yenyewe yalivyopungua, na ubongo huanza kubana matumizi. Uzazi ni katika vya mwanzo kubanwa. Seli za ubongo zinazotoa kispeptini, kiamsha uzazi, hunyamaza, homoni ya GnRH inayoiamuru pituitari hupoteza mapigo yake, tezi ya pituitari chini ya ubongo hupunguza LH na FSH, homoni zinazoziamsha ovari na korodani, ovari ikalala.

Ndiyo sababu msichana aliyekonda mno huchelewa kuvunja ungo, na mkimbiaji wa mbio ndefu asiyekula vya kutosha hukatikiwa na hedhi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wanawake 8 waliokatikiwa na hedhi kwa mazoezi au wembamba. Walidungwa leptini hadi miezi 3, na 3 kati yao yai likapevuka bila wao kunenepa. Ghala halikujazwa, kilichobadilika ni ripoti ya ghala.

Mfano wa upande wa pili ni wa 1997, Uingereza: watoto wawili, binamu, waliozaliwa na hitilafu ya jeni wasiweze kutengeneza leptini. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86, na bado ubongo wake ukisoma kwamba ghala ni tupu. Mwenye hitilafu hiyo asipotibiwa kwa kawaida habalehe, hata awe na mafuta kiasi gani.

Sasa aromatasi. Hiki ni kimeng'enya kilichomo ndani ya tishu za mafuta. Huchukua androstenedioni, homoni ya kiume iliyo dhaifu ambayo kwa sehemu kubwa hutoka tezi za adrenali zilizo juu ya figo, kikaigeuza estroni. Huchukua testosteroni kikaigeuza estradioli. Estroni na estradioli zote ni estrojeni. Mafuta yakizidi, na aromatasi imezidi. Mwanamume mnene anapika estrojeni kwa testosteroni yake mwenyewe, na mwanamke aliyekoma hedhi estrojeni yake karibu yote hutoka huko.

Ya tatu ni adiponektini, nayo ina ukaidi wake: hutengenezwa na mafuta, lakini mafuta yakizidi, adiponektini hupungua. Husaidia insulini ifanye kazi. Wanawake wanayo nyingi kuliko wanaume kwa sababu testosteroni huikandamiza.

Karibuni. Atakayekuja na "dawa ya kusafisha homoni" aipitishe uzi mwengine.

#2 BintiShela

Ahsante. Mume na mke wenye uzito sawa, leptini yao nayo ni sawa?

#3 Mtondoo_Amu

Hapana. Hata ukiwalinganisha wenye mafuta sawa, mwanamke huwa na leptini kama mara 2 hadi 3 ya mwanamume. Mafuta ya chini ya ngozi, ya nyonga na mapaja, hutoa leptini nyingi kuliko ya ndani ya tumbo yanayozunguka matumbo na ini, na estrojeni ndiyo inayoyapeleka mafuta huko nyongani. Juu ya hapo estrojeni huichochea seli itoe leptini, testosteroni huizuia. Utaliona wazi wakati wa kubalehe: leptini ya msichana huendelea kupanda, ya mvulana hushuka mara testosteroni inapopanda.

Usidhani leptini nyingi ni neema. Mtu mnene anayo tele, lakini ubongo wake umeizoea kama jirani wa msikiti alivyozoea kipaza sauti. Ndiyo maana kuwadunga leptini watu wanene wa kawaida hakukuleta kupungua kwa maana. Maabara ikikuuzia kipimo cha leptini kwenye "kifurushi cha homoni", kiache. Kitakwambia tu kwamba una mafuta, na futikamba ya fundi cherehani inalisema hilo bure.

#4 Mnazi_Mkinda

Mwasahau kuku wa broila. Vijana wanaota matiti Malindi nzima kwa sababu ya homoni wanazodungwa kuku. Na soya pia.

#5 Chetezo

Yakhe, hili la kuku tulizike. Broila hukua upesi kwa sababu ya mbegu aliyochaguliwa vizazi na vizazi na kwa chakula chake. Homoni ya ukuaji ni protini, ukimlisha kuku itameng'enywa tumboni kama chakula. Ingelazimu umdunge kila kuku tena na tena, na hakuna mfugaji wa kuku 300 mwenye mikono hiyo wala hela hizo. Soya nayo ina vitu vinavyofanana na estrojeni, lakini tafiti za wanaume zikijumlishwa pamoja hazionyeshi testosteroni ikishuka.

Kijana mwenye kifua kilichovimba apimwe kwa mkono kwanza. Alale chali. Weka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, kisha visogeze taratibu vikielekea chuchu. Ukikutana na kisahani kigumu cha mpira chini ya chuchu, kama sarafu, hiyo ni tishu ya titi yenyewe. Vidole vikifika chuchu bila kukuta kitu, ni mafuta tu, na yatapungua na kiuno. Mvulana wa miaka 12 hadi 16 anaweza kuwa na kisahani hicho na kwa kawaida huondoka ndani ya miaka 2. Kwa mtu mzima uliza dawa anazokunywa: spironolaktoni (ya moyo na presha), simetidini (ya vidonda vya tumbo) na efavirenzi (ya VVU) zote zinajulikana kwa hilo. Uvimbe wa upande mmoja, mgumu, ulio pembeni mwa chuchu, au chuchu inayotoa damu: hapo ni daktari, na si wa wiki ijayo.

#6 Kipimo_Sahihi

Nizungumze upande wa maabara, maana karatasi nyingi husomwa vibaya. Mfano:

Mwanamume, miaka 41, kiuno sm 112. Testosteroni ya jumla 9.4 nmol/L (kawaida 10–35). SHBG 14 nmol/L. LH 4.1 IU/L, ya kawaida. Damu imetolewa saa tisa alasiri.

Mtu akiiona hii hukimbilia sindano ya testosteroni. Subirini.

Kosa la kwanza ni saa. Testosteroni huwa juu asubuhi. Kipimo ni kati ya saa moja na saa nne asubuhi, mtu hajala, na kikiwa chini kirudiwe siku nyengine kabla ya kusema lolote. Sukari peke yake huishusha: wanaume waliponyweshwa gramu 75 za glukosi, testosteroni ilishuka kwa wastani wa asilimia 25. Huyu wa saa tisa ameshakula wali wa nazi, ameshakunywa na sharubati.

La pili ni SHBG. Hii ni protini ya ini inayoibeba testosteroni kwenye damu. Insulini ikiwa juu muda mrefu, kama ilivyo kwa wenye mafuta ya tumbo, ini hupunguza kuitengeneza. Vibebeo vikipungua, jumla nayo husomeka chini, ilhali ile huru, inayofanya kazi, huenda iko sawa. Ukikokotoa kwa namba hizi na kiwango cha kawaida cha albumini, protini nyengine ya damu inayoibeba, testosteroni huru ni kama 0.27 nmol/L, na mstari wa chini unaotumiwa sana ni kama 0.22. Huyu bwana hana upungufu wa testosteroni. Ana tumbo, na insulini inayohangaika.

La tatu ni LH. Korodani zikiwa mbovu, LH hupanda kwa kuzihimiza. Kwa unene LH huwa ya kawaida au chini, kwa sababu estradioli inayotoka kwenye mafuta na uchochezi wa mafuta yenyewe hukandamiza amri kutoka juu. Hali hiyo hurudi ikitibiwa kiuno. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha waliopungua kwa chakula walipata nyongeza ya karibu 3 nmol/L kwa wastani, na wa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula karibu 9.

Jengine ni vidonge vya biotini vya nywele na kucha. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kipimo, na dozi kubwa huzichanganya: testosteroni na estradioli husomeka juu kwa uongo, LH na FSH husomeka chini kwa uongo. Acha angalau siku 2 kabla ya kipimo. Ukinywa dozi kubwa, zidisha siku.

#7 Ngarawa_3

9.4?! Karatasi nyengine zinaandika kawaida ni 300 hadi 1000. Huyu si maiti?

#8 Kipimo_Sahihi

Tazama kizio kabla ya kutoa machozi. 300 hadi 1000 ni ng/dL. Zidisha nmol/L kwa 28.8 upate ng/dL: 9.4 ni kama 271. Iko chini kidogo ya mstari.

#9 BintiShela

Na wanawake jamani? Hedhi mara mbili tatu kwa mwaka, ndevu za kidevuni, na shingo nyeusi. Kila aendako mtu anaambiwa ni chango.

#10 Mwana_Mkunga

Bi, hayo uliyoyataja huwa yanafuatana. Shingo kwanza: ule weusi wa nyuma ya shingo na makwapani, unaokuwa kama mahameli, usiotoka hata usugue na dodoki na sabuni ya unga, mara nyingi ni alama ya insulini iliyo juu. Si uchafu, na msichana asitukanwe kwa hilo.

Insulini hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwenye ovari hushirikiana na LH kuzihimiza seli za ukuta wa kijifuko cha yai zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Kwenye ini hupunguza SHBG, kama Kipimo_Sahihi alivyosema, na homoni hizo zikabaki huru zaidi. Hapo ndipo ndevu na chunusi zinapotoka. Mafuta nayo, kwa aromatasi yake, huzigeuza nyingine kuwa estrojeni ya mfululizo, isiyopanda na kushuka kama mwezi wa kawaida. Pituitari haipati dalili yake, yai halipevuki, na ukuta wa mji wa mimba unanenepa bila kumwagika.

Kwa hiyo hesabu siku. Mzunguko wa zaidi ya siku 35, au hedhi chini ya 8 kwa mwaka, unahitaji uchunguzi. Zikipita siku 90 bila damu, na kipimo cha mimba hakionyeshi mimba, muone daktari akupe projesteroni ya siku kadhaa ili ukuta umwagike. Hilo ni muhimu kuliko ndevu. Ukuta unaonenepa miaka bila kumwagika ndio unaozaa saratani.

Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi hutosha kurudisha yai. Kwa mwenye kilo 82 ni kilo 4 hadi 8 tu. Si lazima arudi alivyokuwa siku ya harusi. Mafuta ya ndani ya tumbo huwa ya mwanzo kuitikia. Metformini husaidia insulini: huanzwa mg 500 na chakula cha usiku kwa wiki nzima, kisha huongezwa taratibu hadi mg 1500 au 2000 kwa siku. Wanaoanza na dozi kubwa siku ya kwanza ndio wanaoharisha wakaitupa. Anayetaka mtoto, daktari humpa letrozoli, mara nyingi mg 2.5 kwa siku 5. Dawa hiyo huzuia ile ile aromatasi: estrojeni ikishuka, ubongo huhimiza FSH, na yai likakua. Utafiti wa 2014 wa wanawake 750 ulionyesha waliojifungua mtoto hai kwa letrozoli ni asilimia 27.5, na kwa klomifeni, dawa nyengine ya kupevusha yai, 19.1.

Na tahadhari: yai hutangulia, damu hufuata. Asiyetaka mimba asingoje aone hedhi ndipo ajikinge.

#11 Mnazi_Mkinda

Na ile sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, inanenepesha au ni maneno ya barazani?

#12 Mwana_Mkunga

Baadhi yao inawanenepesha, wengine haiwafanyi kitu. Dozi ni mg 150 kila miezi 3. Pima uzito siku ya sindano ya kwanza uandike kwenye kadi. Aliyeongezeka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 ya mwanzo ndiye mwenye mwelekeo wa kuendelea kunenepa, na huyo abadilishiwe njia mapema. Uzazi hurudi polepole: nusu ya wanawake hushika mimba ndani ya miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho.

#13 Mtondoo_Amu

Niongeze la kina mama waliokoma hedhi, kwa kuwa Mwana_Mkunga kaugusa ukuta. Ovari zikifunga kazi, estrojeni inayoyapeleka mafuta nyongani hupungua na mafuta huhamia tumboni hata kama mizani haijasogea. Kanga ni ile ile, fundo haliji. Lakini mwenye mafuta mengi bado anapika estroni kwa aromatasi, bila projesteroni ya kuisawazisha.

Sasa mama wa miaka 58, ameshatimiza miezi 12 bila damu zamani, anaona madoa kwenye nguo. Mashoga zake wanamwambia amerudi usichana. Hakuna hedhi inayorudi hapo. Damu yoyote baada ya kukoma, hata tone, hata ya siku moja, ni ya kuchunguzwa kwa picha ya mji wa mimba. Ukuta ukizidi mm 4, hukatwa kipande kidogo kikapimwe. Mara nyingi hukutwa ni jambo dogo. Ikiwa ni saratani, hugunduliwa mapema na hutibika.

#14 Ngarawa_3

Hapa mjini vijana wa jimu wanajidunga testosteroni na kumeza letrozoli juu yake "isigeuke matiti". Lina mantiki?

#15 Chetezo

Mantiki ya nusu. Testosteroni ya sindano hugeuzwa estradioli kweli, lakini mwanamume anaihitaji estradioli kwa mifupa, viungo na hamu. Ukiifuta kwa letrozoli utaanza na maumivu ya viungo, na mifupa itafuata. Na korodani hazijui kwamba testosteroni imetoka kwenye chupa. Ubongo ukiiona tele hukata LH na FSH, korodani husinyaa na mbegu hupungua, huenda zikafika sifuri. Ndani ya korodani testosteroni huwa nyingi mara nyingi kuliko ya kwenye damu, na mbegu zinaitegemea hiyo ya ndani. Sindano ya paja haiifikii. Kurudi huchukua miezi 6 hadi 12, wengine zaidi. Anayetafuta mtoto asiiguse.

Na ndugu zao wanaomeza vidonge vya kunenepa vyenye deksamethasoni, dawa inayoiga homoni ya kortisoli ya adrenali: mafuta huja kweli, lakini huja usoni na tumboni, misuli ya mapaja ikinyauka, na LH hukandamizwa vile vile. Hiyo si siha. Aliyekwisha vitumia wiki kadhaa asivikate ghafla. Adrenali zake zimelala, daktari ampunguzie kwa hatua.

#16 BintiShela

Ramadhani je? Leptini si itaporomoka mwezi mzima kama mlivyosema?

#17 Mtondoo_Amu

La. Porojo hilo limetokana na kuchanganya njaa ya siku tatu na saumu ya saa 13 au 14 inayofunguliwa kwa uji, tambi, kaimati na viazi karai. Kilele cha leptini, ambacho kwa kawaida huwa usiku, husogea mbele kufuata mlo. Uzito wa wengi haushuki sana, na jumla ya siku hubaki karibu na ilivyokuwa. Anayeumia ni usingizi. Vijana 10 waliolazwa saa 5 tu kwa usiku kwa wiki moja, testosteroni yao ya mchana ilishuka asilimia 10 hadi 15. Anayekesha barazani hadi daku ahesabu hilo kabla ya kulaumu saumu.

Na kipimo kingoje mfungo mosi. Testosteroni hufuata usingizi zaidi ya saa ya ukutani. Aliyelala baada ya alfajiri akaamka saa nne, "asubuhi" yake imehama.

Kuhusu kiuno, wengi hupima pale mshipi unapofunga, chini ya kitambi, wakajifurahisha. Simama, papasa mbavu ya mwisho na kilele cha mfupa wa nyonga, tia alama katikati. Futikamba izunguke hapo sambamba na sakafu, juu ya ngozi, usome ukimaliza kutoa pumzi bila kuvuta tumbo. Hatari huanza sm 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Pima mara moja kwa mwezi, wakati ule ule wa siku. Ukitaka kukishusha, Amu (Lamu) mjini hadi Shela kwa miguu ni kama kilomita 3. Nenda na urudi, na boti waachie wageni. Ongeza na kazi ya nguvu mara 2 kwa wiki, maana msuli ndio unaoila sukari na kuipumzisha insulini.

#18 Ngarawa_3

Swali la mwisho kwa Kipimo_Sahihi. Damu ikitolewa Amu na kipimo kiko Malindi, inafika ikiwa nzima?

#19 Kipimo_Sahihi

Inafika ikishughulikiwa kabla ya kupanda boti. Chupa ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Iache isimame dakika 30 igande, kisha mashine ya kuzungusha dakika 10, na seramu ihamishiwe chupa nyengine. Seramu hiyo ya testosteroni kwenye nyuzi 2 hadi 8 hukaa siku kadhaa bila neno. Kisanduku kiwe na barafu ya pakiti, lakini chupa isigusane nayo moja kwa moja.

Kinachoharibika ni sukari na insulini. Damu isiyotenganishwa hula sukari yake yenyewe, kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na kwenye joto letu zaidi. Ukiituma nzima kwa boti hadi Mokowe kisha basi hadi Malindi, mtu mwenye kisukari atasomeka mzima. Na seli zikipasuka kwa mtikisiko insulini huharibika. Seramu yenye wekundu irudishwe, isipimwe.

Saa ya kutoa damu iandikwe kwenye chupa yenyewe, kwa wino usiofutika. Ya kwenye karatasi hulowa pale gatini, na anayepokea huishia kubahatisha.